Shamba la Makoo Makavu

Kule Mkumbulu, kijiji kilichojibana ubavuni mwa milima ya Uluguru, mwendo wa asubuhi nzima kutoka mjini Morogoro, hapakuwa na mtu asiyeijua pombe ya Mwaisha. Mtama aliuotesha mwenyewe, kimea akakianika mwenyewe juu ya jamvi lake, na siku ya kuchuja hakumruhusu mtu mwingine kushika chujio. Harufu ikishuka bondeni, watu wa ng'ambo ya mto waliacha walichokuwa wakifanya, wakapanda. Hakuwa na haja ya kupeleka mbiu.

Na pombe huko haikuwa anasa. Ilikuwa ndiyo inayolima. Ukitaka shamba lako liwe tayari kabla ya masika, ulipika pombe, ukaita watu, wakaja na majembe yao, wakalima kwa ujima mpaka jua la utosi, halafu wakanywa mpaka kata igonge chini ya mtungi. Hivyo walilima mababu, na hivyo waliendelea kulima hata baada ya Mdachi kujenga boma lake kule mjini na garimoshi lake kuanza kupiga kelele bondeni. Mtu asiye na pombe alilima peke yake, na mteremko wa Uluguru haulimiki na mtu mmoja.

Mpika pombe hana budi kuonja. Mwaisha alionja asubuhi kujua kama imeiva, akaonja adhuhuri kujua kama imezidi. Mumewe alipofuata kazi ya reli kuelekea Kilosa, na habari zikaja kwamba ameoa huko huko, Mwaisha akawa anaonja hata siku ambazo mtungi haukuwa na la kuulizwa. Miaka mitatu ilipita hivyo. Hakuwa mlevi wa ugomvi. Alikuwa mlevi wa kuchekesha, mwenye nyimbo na vituko, na watu walimpenda kwa hilo. Hiyo ndiyo ilikuwa balaa yenyewe, maana hakuna aliyemwambia neno.

Siku iliyomgeuza ilikuwa siku ya kumtoa mwali mwanawe, Shamsia. Binti alikuwa amekaa ndani miezi mingi, amepakwa mafuta, amevishwa shanga shingoni na kiunoni, akaletwa uwanjani akiwa amebebwa mabegani huku ngoma ikilia na upande wa wakwe umesimama kumtazama. Aliposhushwa chini, Mwaisha aliingia katikati ya ngoma kumpokea. Miguu ikamkataa. Alimwangukia mwanawe mzima mzima, wakaenda chini wote wawili, uzi wa shanga ukakatika, vumbi likashikana na mafuta.

Ngoma ilisimama kidogo. Halafu watu wakacheka. Hakikuwa kicheko kibaya, kilikuwa cha upendo kabisa.

"Huyo ndiye Mwaisha wetu," mmoja akasema, na ngoma ikaendelea.

Shamsia hakulia. Alipiga magoti akaziokota shanga moja moja, akajifuta vumbi kwa kiganja, akasimama tena mahali pake. Hakumtazama mama yake, siku ile wala siku zilizofuata, mpaka alipokwenda kwa mumewe.

Asubuhi yake Mwaisha aliamka, kichwa kikimgonga. Pembeni palikuwa na nusu mtungi iliyobaki kwenye sherehe, na kila mtu anajua kwamba mabaki ndiyo dawa ya kichwa. Akautazama ule mtungi kitambo kirefu. Kisha akaubeba mpaka mtoni, akamwaga yote, akausugua kwa mchanga ndani na nje, akaujaza maji, akarudi nao nyumbani kichwani.

Ilipofika alasiri, mikono yake ilikuwa ikitetemeka kiasi kwamba hakuweza kuwasha moto.

Aliyekuja kumwashia alikuwa Felista. Huyu alikaa upande wa juu wa kijiji, karibu na nyumba za Wakristo, mwanamke wa makamo, mfupi, mwenye maneno machache. Wakati reli inajengwa aliwapikia vibarua kambini, na huko kila jioni pombe ilikuwa ikinywewa kama maji. Aliporudi mlimani alirudi mlevi, na miaka miwili iliyopita aliacha, bila kumwambia mtu sababu. Aliposikia kwamba Mwaisha amemwaga pombe mtoni, alifunga kuni zake, akachukua kibuyu cha uji, akateremka.

"Hodi, mama Shamsia."

"Karibu, dada Felista. Ila usinisogelee, nanuka."

"Nilinuka kuliko wewe," Felista akasema, akapiga magoti mafigani.

Alikaa siku nne. Siku ya pili Mwaisha aliona siafu wasiokuwapo wakipanda ukutani, akawa anawapangusa kwa mikono, na Felista akawa anapangusa naye ili asiwe peke yake. Siku ya tatu alimtukana Felista matusi ambayo hakujua kwamba anayajua, ya nguoni na ya kwao, na Felista akayasikiliza kama mtu anayesikiliza mvua juu ya paa. Siku ya nne Mwaisha alikula ugali kidogo, na chakula kikakaa tumboni.

"Wewe ulikuwa na nani?" akauliza.

"Sikuwa na mtu. Nilijifungia nikadhani nakufa. Ndiyo maana nimekuja."

"Na hii kiu inakwisha lini?"

Felista alisukuma kuni ndani ya moto. "Sijui. Yangu haijaisha. Njoo nikuonyeshe kitu."

Akampeleka kwenye shamba lake la juu. Lilikuwa safi mno, matuta yamenyooka, hakuna hata jani moja la magugu.

"Watu wanasema nina bidii," Felista akasema. "Si bidii. Kila nikisikia wanaimba pombeni, nashika jembe. Siku nyingine nimelima mahali pale pale mara tatu."

Mwaisha alicheka, na hicho kilikuwa kicheko chake cha kwanza tangu siku ya ngoma. Pale pale shambani wakakubaliana. Yeyote atakayebanwa na kiu amwendee mwenzake, saa yoyote, na mwenzake asiulize chochote ila ampe jembe.

Wa tatu alikuwa Abasi. Abasi alikuwa mtu wa mjini, Mwislamu, mchuuzi wa chumvi na kaniki, aliyepanda mlimani kila juma na mzigo wake. Kwa mbele alikuwa mtu wa sala. Kwa nyuma, alikuwa na mahali pake kwenye migomba nyuma ya nyumba ya Mwaisha, ambapo kata ilimfikia bila kuonekana. Juma lile alikuja kama kawaida, akakwaruza ukuta wa nyuma.

"Hakuna," Mwaisha akamwambia. "Nimeacha kunywa na nimeacha kupika."

Abasi aliketi chini kwenye migomba na mzigo wake wa chumvi. Kisha akasema kwa sauti ndogo, "Nilikuwa naomba kila siku hiyo pombe yako iishe. Sasa imeisha, na sijui niende wapi."

"Unajua kulima, bwana Abasi?"

"Sijui."

"Utajifunza."

Alishika jembe kama mtu anayeshika mwiko, na Felista akageuka upande ili asionekane akicheka. Lakini alirudi juma lililofuata, na lililofuata tena, na kila akipanda mlimani alilala kwa binamu yake jirani ili asubuhi awe shambani. Kijiji kilianza kuwatania. Wanywaji wakipita njiani waliwaita Makoo Makavu. Jina likashika, likawa linaimbwa, mpaka Mwaisha siku moja akiitwa hivyo akaitika, "Naam," kama mtu aliyeitwa kwa jina la ubatizo.

Wakati wa kuandaa mashamba ulipofika, mjomba wake alimwita.

Mjomba Rehani alikuwa mndewa, yaani mkuu wa ukoo mwenye kauli juu ya ardhi yake. Shamba la Mwaisha, lile pana la mteremkoni, lilikuwa mali ya ukoo, alilolirithi kutoka kwa mama yake kama ilivyo desturi ya Waluguru. Rehani hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyezoea mambo kwenda yanavyokwenda, na mwaka ule hayakuwa yakienda.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Keti. Nasikia umeacha."

"Nimeacha."

"Kunywa ni shauri lako. Kupika ni jambo la ukoo. Watu wanauliza nani atapika pombe ya ujima, nani atapika ya tambiko. Wewe mwenyewe nani atakulimia?"

"Nitalima."

"Mteremko wote ule? Kwa mikono mingapi?"

"Sita."

Wazee wawili waliokuwa pale barazani waliguna. Rehani hakuguna. "Unajua sheria yetu," akasema. "Shamba ambalo halijalimwa mpaka mvua ya kwanza ya masika, ukoo unalichukua, anapewa mwenye kulihitaji. Sitaki kukunyang'anya, mwanangu. Pika mitungi miwili tu. Watu watakuja, shamba litakwisha kwa siku mbili. Wewe usinywe. Nani amekulazimisha kunywa?"

Maneno yale yalikuwa ya busara, na ndiyo maana Mwaisha aliyaogopa kuliko matusi. Aliona mitungi miwili akilini, akaona kimea kimeanikwa, akaona kidole chake kikichovya.

"Nikipika nitaonja," akasema. "Nikionja nitakunywa. Nikinywa nitarudi pale uwanjani juu ya mwanangu. Shamba litalimwa, mjomba, na halitalimwa kwa pombe."

"Kwa kitu gani basi?"

"Kwa koo kavu."

Walianza kesho yake, Abasi akihamia kwa binamu yake mpaka shamba liishe. Mteremko ule unaanzia kwenye mawe juu na kushuka mpaka ukingoni mwa kijito, na ukisimama chini yake ukautazama, unakata tamaa kabla hujainama. Walitengeneza matuta ya kukinga maji, kila mmoja sehemu yake, Felista juu, Mwaisha katikati, Abasi chini ambako udongo ni laini. Adhuhuri walikunywa togwa, kinywaji cha nafaka kisicholevya. Felista alikuwa mkali juu ya togwa: lipikwe asubuhi, likibaki jioni limwagwe, maana togwa likilala linaanza kujifunza tabia nyingine. Mikono ya Abasi ilitoka malengelenge, yakapasuka, akayafunga kwa kitambaa cha kaniki yake mwenyewe. Jirani zao walipita kwenda kwenye ujima wa watu wengine na kurudi wakiimba. Baada ya siku kumi walikuwa wamefika nusu.

Siku ya kumi na moja Rehani alikuwa na ujima kwake. Asubuhi walipokuwa wameinama, wanaume wawili walikuja njiani na mtungi uliojaa, wameuning'iniza kwenye mti mabegani, wakauweka kwenye kivuli pembeni ya shamba.

"Mndewa anasema mkichoka," mmoja akasema, wakaenda zao.

Povu lilikuwa bado likichemka mdomoni mwa mtungi. Upepo ulikuwa unatoka upande ule. Wote watatu waliendelea kulima, lakini majembe yalianza kwenda polepole, kisha la Abasi likasimama.

"Tumwage," Felista akasema.

"Tukimwaga atasema tumewatukana mababu, maana sehemu ya pombe hii ni ya tambiko," Mwaisha akajibu.

"Tukiuacha, bwana Abasi hatafika jioni."

"Sitafika adhuhuri," Abasi akasema. Jasho lilikuwa likimtoka juu ya mdomo, na hakuwa anatania.

Mwaisha aliweka jembe chini. Alisokota ngata ya majani, akaiweka kichwani, akamwambia Felista, "Nitwike."

Njia ya kwenda kwa Rehani inapita katikati ya kijiji. Mtungi ulikuwa mzito, umejaa mpaka shingoni, na kila hatua kidogo kilimwagika kikamshukia kwenye paji la uso. Tone moja lilimfika kwenye mdomo wa juu. Alisimama njiani, mikono yote miwili imeshika mtungi, tone limekaa pale, ulimi wake nyuma ya meno yake ukiwa kama mnyama aliyefungwa. Akaachia mkono mmoja, mtungi ukayumba, akajifuta kwa kiwiko. Kisha akaendelea kwenda. Watu walitoka nyumbani mwao, wengine wakamfuata.

Uwanjani kwa Rehani watu wa ujima walikuwa wamewahi kumaliza kulima, wameketi kwa duara. Mwaisha alipiga magoti, akautua mtungi mbele ya mjomba wake bila kusaidiwa.

"Mtungi wako, mjomba. Tumeshukuru. Hatukuchoka."

Rehani alitazama mtungi, akatazama watu wanaomtazama, na akaona kwamba amerudishiwa zawadi yake hadharani na mpwa wake mwenyewe. Alichukua kata, akaichovya, akamnyooshea.

"Anayeleta pombe huonja kwanza," akasema. "Anaitoa sumu. Hiyo desturi wewe ndiye uliyekuwa ukitufundisha."

Ilikuwa kweli. Huko mlimani hakuna anayekunywa kabla aliyeileta hajameza funda mbele ya watu, na asiyemeza ana jambo moyoni. Kata ilikuwa usoni pake. Funda moja tu. Hakuna ambaye angemlaumu, hata Felista asingemlaumu, na maneno yangeishia pale. Lakini Mwaisha alijua funda lake lilivyo. Lilikuwa na miaka mitatu ndani.

"Sionji."

"Basi umetia kitu."

"Mjomba," Mwaisha akasema, akasimama ili wote wamsikie, "pombe hii imetoka nyumbani mwako, imepikwa na mkeo, imebebwa na watu wako. Mimi nimeirudisha tu. Mkiiogopa, imwageni. Msipoiogopa, inyweni. Ardhi ni ya ukoo, na nitailima kama ukoo unavyotaka. Kinywa ni changu."

Akageuka akaondoka. Nyuma yake hakuna aliyenyoosha mkono kuchukua kata.

Siku zilizofuata zilikuwa mbaya. Hakuna aliyesema wazi kwamba Mwaisha ametia sumu, lakini majirani waliacha kuja kuchukua kaa la moto kwake, na mtoni wanawake walisogeza mitungi yao akikaribia. Na Abasi hakuonekana. Alikuwa ameteremka mjini jioni ile ile, na siku ya tatu mchukuzi mmoja akaleta habari kwamba yuko nyuma ya stesheni, kwenye vilabu vya vibarua, anakunywa tangu alipofika, na chumvi yake imelowa.

Felista na Mwaisha waliacha majembe, wakateremka asubuhi hiyo hiyo. Walimkuta ameketi chini, ameegemea ukuta, kanzu imechafuka, kofia haipo. Alipowaona alijifunika uso.

"Niacheni. Nimeharibu. Mliwaambia watu tutalima kwa koo kavu, na mimi nimewatia aibu."

"Aibu ipi?" Mwaisha akasema. "Mimi nimemwangukia mwanangu mbele ya wakwe. Unataka kushindana nami kwa aibu?"

"Nimeanguka, mama Shamsia."

"Nimeona. Shamba halijaisha. Inuka."

Walimshika huku na huku wakapita naye barabara kuu ya mji, mchana kweupe, mbele ya maduka ya Wahindi na askari wa boma, wanawake wawili wa mlimani na mlevi mmoja katikati. Watu waliwakodolea macho. Askari mmoja aliuliza kwa mzaha ni yupi kati yao mkewe. Felista, ambaye hakuwa na mazoea ya kujibu watu, alimjibu bila kupunguza mwendo kwamba ni mwenzao wa kulima, na kama yeye askari ana nafasi, majembe yapo. Walipanda naye mlima polepole, wakimkalisha kila penye kivuli. Siku nne Felista alimpikia uji, na binamu yake akakaa naye usiku. Siku ya tano Abasi alirudi kwenye tuta lake.

Lakini siku walizopoteza zilikuwa nyingi, na mawingu yalikuwa yameanza kukaa juu ya vilele asubuhi bila kuondoka.

Hapo ndipo alipokuja Modesta, mke wa Rehani. Alikuja na jembe begani na hasira zake zote, akasimama kati ya shamba.

"Mume wangu amesema mbele ya watu kwamba pombe ile ina sumu," akasema. "Pombe ile niliipika mimi. Siku tatu imekaa uwanjani kwangu kama mzoga, hakuna anayeigusa. Nimewamwagia kuku. Kuku wamelewa, wamelala chali, na asubuhi wameamka wakataga kama kawaida. Nimeyasema haya mtoni, na nimeyasema kwake."

"Amesemaje?" Mwaisha akauliza.

"Hakusema kitu. Nipeni tuta." Kisha akaongeza, akiwa ameshainama, "Msidhani nimeacha. Mimi nakunywa na nitakunywa. Nimekuja kulima."

"Chukua pale juu, penye mawe," Felista akamwambia, "hasira itakusaidia."

Baada ya Modesta kusema habari ya kuku wake, watu walianza tena kumsalimu Mwaisha, wengine kwa kuona haya. Wawili watatu walikuja kulima nusu siku, wakanywa togwa wakikunja nyuso, wakarudi kesho yake hata hivyo. Na siku moja kabla ya mvua, Mwaisha aliinua uso akamwona Shamsia akipanda kutoka upande wa kijito, amejifunga kaniki, ana jembe.

Shamsia aliingia kwenye tuta lililo karibu na la mama yake. Walilima sambamba kwa muda mrefu. Mwaisha alikuwa na maneno aliyoyapanga kwa miezi, akafungua kinywa kuyasema.

"Mwanangu, siku ile ya ngoma—"

"Mama, lima," Shamsia akasema. "Mvua inakuja." Lakini alisema akimtazama usoni.

Mvua ilikuja kesho yake kabla ya adhuhuri. Ilianza na matone makubwa, machache, na pamoja nayo akaja Rehani na wale wazee wawili wa barazani, wamejifunika majani ya mgomba. Walitembea mpaka ukingo wa chini. Pale kwenye kona, juu ya kijito, palikuwa na kipande kisicholimwa, kama upana wa nyumba ndogo.

"Mvua ya kwanza imenyesha," Rehani akasema, "na shamba halijaisha."

"Mvua ya kwanza inanyesha, mjomba," Mwaisha akajibu. "Haijaisha hata yenyewe. Ikiisha tutazungumza."

Akainama, akalima. Felista akashuka kutoka juu, Abasi akaja, Modesta akampita mumewe bila kumsalimu, Shamsia akaja. Mvua ikazidi, ikawa inapiga migongo yao kama kokoto, na udongo ukawa unashikana na majembe mpaka yakawa mazito kama mawe. Waliteleza, wakainuka. Abasi alianza kuimba kaswida kwa sauti mbaya sana, na Felista, ambaye hakuijua, akaidakia kwa maneno ya wimbo wa kanisani. Wazee wale wawili walikimbilia chini ya migomba. Rehani hakuweza kuondoka, maana angeondoka angekuwa ameshindwa, na hakuweza kuwazuia, maana sheria ni sheria na mvua ilikuwa bado ikinyesha. Basi alisimama pale akalowa mpaka mfupani, mpaka Mwaisha alipokata bonge la mwisho, akaligeuza, akajiegemeza kwenye mpini.

"Tayari, mjomba."

Rehani alilitazama shamba toka chini mpaka juu. "Tutaona kitakachoota," akasema, akaenda zake.

Kiliota. Hakikuwa cha ajabu. Nguruwe mwitu walikula upande wa kijito, na sehemu ya mawe ilitoa suke fupi. Lakini mtama ulitosha, na habari zake zilivuka mto. Wakati wa mavuno wanawake watatu wa ng'ambo walikuja na vikapu vyao, na mbuzi, wakitaka kubadilishana, kwa kuwa wana harusi na hawana mtama wa kimea.

"Huu utaliwa," Mwaisha akawaambia.

"Mbuzi huyu ana mimba, mama."

"Mzuri sana. Mkampe majani. Mtama wangu utaliwa."

Mmoja wao aliona vibaya, akasema kwa kejeli, "Kweli ninyi ni makoo makavu."

"Makavu," Mwaisha akakubali, "lakini ugali yanameza."

Rehani hakuomba radhi, wala Mwaisha hakumdai. Walisalimiana mpaka mzee alipokufa, shikamoo na marahaba, na shamba halikuguswa. Makoo Makavu hawakupata kuwa wengi. Mwaka mmoja walikuwa tisa, mwaka mwingine wakarudi kuwa wanne. Walioweza kulimiana bila pombe walilimiana, na walioshindwa walifuatwa walikokuwa, mjini au kichakani, wakarudishwa. Abasi alianguka mara mbili nyingine. Modesta hakuacha kunywa, na hakuacha kuja.

Vita vya Wazungu vilipofika, Abasi alichukuliwa upagazi, akabebeshwa mizigo kuelekea Kisaki. Alirudi Mdachi alipokwisha kuondoka Morogoro, amebaki mifupa na macho. Felista na Mwaisha walimkuta nyumbani kwa binamu yake, ameketi mlangoni. Aliwaambia kwamba kule kambini pombe ilikuwapo kuliko chakula, kwamba siku nyingine alikunywa na siku nyingine alikataa, na kwamba alijaribu kukumbuka zipi zilikuwa nyingi zaidi akashindwa.

"Sisi hatuhesabu," Felista akasema, akamsogezea bakuli la uji.